Vua Nyota Mkia Bila Kulowa

Ndugu yangu, nakupa siri moja, nawe usimnyime jirani. Mtu wa Amu, yaani Lamu, anaweza kugundua nyota mkia, kitu ambacho hakuna jicho la binadamu lililowahi kukiona, akiwa amekaa mkekani darini kwao na kikombe cha kahawa chungu ubavuni. Hahitaji darubini wala shahada. Hahitaji hata kukesha. Anahitaji simu, au bora kompyuta, bando la kutosha, subira ya mvuvi wa mshipi, na ile tamaa tuliyo nayo sote ya kuwa wa kwanza kufika barazani na habari.

Tamaa hiyo usiionee haya. Itakufikisha mbali kuliko elimu usiyoitumia. Fuata hatua hizi. Zote ni njia za mkato, na zote ni halali.

1. Usinunue darubini

Kwanza rudisha pesa zako mfukoni. Mwindaji wa zamani alinunua vioo, akapanda kilimani, akakodoa macho hadi alfajiri. Don Machholz wa Marekani alichungulia anga kwa yapata saa 1,700 kabla ya kuipata nyota mkia yake ya kwanza mwaka 1978. Zigawe kwa saa nane za kazi: ni zaidi ya siku 200 za kwenda kazini bila mshahara.

Siku hizi mambo yamezidi kuwa magumu. Mitambo kama ATLAS, yenye darubini zake Hawaii, Chile na Afrika Kusini, hupekua anga usiku hadi usiku, nayo haisinzii. Ukishindana nayo kwa darubini yako ndogo utakuwa umeshika kafi ukifukuzana na boti ya mashine.

Na kama unadhani ugunduzi lazima uje na mateso, mkumbuke George Alcock, mwalimu mstaafu wa Uingereza. Mwezi Mei 1983 aliona nyota mkia mpya akiwa ndani ya nyumba yake, akitazama kwa darubini ya mkononi kupitia dirisha lililofungwa. Jina lake limo katika nyota mkia hiyo hadi leo. Starehe haijamzuia mtu kuona.

2. Nenda mahali mitambo isikofika

Mitambo ya ardhini ina udhaifu mmoja: haiwezi kutazama kando ya Jua. Mwanga unaipofusha. Na huko kandoni mwa Jua ndiko nyota mkia ndogo zinakopita kwa wingi. Basi wewe nenda huko huko.

Chombo kipo, na kimeshalipiwa na wengine. Kinaitwa SOHO. Kilirushwa tarehe 2 Desemba 1995 na mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani, kikawekwa kiasi cha kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu kuelekea Jua, mahali ambapo kinalitazama Jua saa zote bila Dunia kukikinga. Kilipangiwa kazi ya miaka miwili, kikaifanya kwa miongo. Ndani yake mna kamera iitwayo LASCO, yenye kisahani kinacholiziba Jua katikati ya picha, kama unavyokinga uso kwa kiganja ukitaka kulitambua jahazi linalotoka upande wa machweo. Jua likishazibwa, taji lake la nje linajitokeza, na ndani ya taji hilo unaviona vitu vidogo vinavyolikimbilia.

Waliokijenga walikuwa wanalitaka Jua lenyewe. Nyota mkia zilikuja kama kamba wanavyoingia katika wavu wa mtu aliyekwenda kuvua changu. Lakini picha waliziweka hadharani, bure, na watu wa kawaida wakaanza kuzipekua majumbani mwao. Machi 2024 hesabu ilifika nyota mkia 5,000. Hakuna chombo kingine wala mtu aliyewahi kufikia hapo.

Sasa tazama ni nani waliozipata. Ya 2,000, Desemba 2010, iligunduliwa na Michał Kusiak, wakati huo mwanafunzi huko Poland. Ya 3,000, Septemba 2015, iligunduliwa na Worachate Boonplod wa Thailand. Ya 5,000 iligunduliwa na Hanjie Tan, kijana wa Kichina aliyeanza kuwinda akiwa na miaka 13. Miaka 13, ndugu yangu. Huyo ni mwanao, yule unayempigia kelele aweke simu chini.

3. Isome picha kama nahodha anavyoyasoma maji

Picha ni za aina mbili. C2 hupakwa rangi ya chungwa iliyokolea na huonyesha karibu na Jua. C3 hupakwa buluu na huonyesha eneo pana zaidi. Anza na C3.

Katikati utaona kisahani, na ndani yake duara jembamba jeupe lililochorwa kuonyesha ukubwa wa Jua lenyewe. Kutoka ukingoni mwa picha hadi kwenye kisahani pana kivuli kama fimbo: huo ni mkono unaokishikilia. Kandokando taji la Jua limetanda kama moshi wa ubani uliokosa upepo.

Chukua picha za saa kadhaa, zilizopigwa takriban kila dakika 12, uzipitishe moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kisha tulia.

Utaona vitone vingi vikisogea pamoja polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama mashua zilizofungwa kamba moja. Hizo ni nyota za kawaida. Ziache zipite. Utaona kitone kikubwa king'avu chenye mstari kushoto na mstari kulia kama mabawa. Hiyo ni sayari, pengine Zuhura au Mshtarii, na mabawa ni mwanga uliofurika ndani ya kamera. Iache nayo. Utaona mikwaruzo na madoa meupe yanayotokea katika picha hii na kutoweka katika inayofuata. Hizo ni chembe za kasi kutoka anga za mbali, zimeigonga kamera na kwenda zake. Zisikushtue.

Halafu siku moja utakiona. Kitone hafifu, cha pikseli mbili au tatu, kisichofuata msafara wa wenzake. Katika picha ya kwanza kiko hapa. Katika ya pili kimesogea kidogo. Katika ya tatu kimesogea tena, kiasi kile kile, juu ya mstari ule ule, kikielekea Jua. Kinang'aa zaidi, kinarefuka kama uzi, kisha kinafifia kabla hakijafika kisahanini. Unangoja kitokeze upande wa pili. Hakitokezi. Umeiona nyota mkia ikifa, na huenda ni wewe peke yako uliyehudhuria.

4. Mjue samaki, upunguze kazi

Mvuvi wa Kizingitini hatupi wavu popote. Anajua kaskazi samaki wako wapi na kusi wamehamia wapi. Wewe pia una bahati hiyo, kwa sababu kati ya kila nyota mkia 100 zilizoonwa na SOHO, kama 85 ni za ukoo mmoja.

Ukoo huo unaitwa Kreutz, kwa jina la Heinrich Kreutz, Mjerumani ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alionyesha kwamba nyota mkia kadhaa kubwa zilizolipitia Jua kwa karibu zilifuata njia moja. Wanaastronomia wanaamini zote zilikuwa kitu kimoja kikubwa kilichovunjika zamani sana, vipande vikavunjika tena, na vipande vya vipande bado vinarudi. Wakubwa wa ukoo huu walitikisa dunia: ile ya 1882 ilionekana mchana kweupe, Ikeya–Seki ya 1965 ilipita karibu mno na Jua ikapasuka, Lovejoy, Desemba 2011, ilizama ndani ya taji la Jua na kutoka hai, watu wakashangilia.

Wadogo ndio wako wewe. Wengi wana upana wa mita chache hadi makumi ya mita. Mmoja utamlinganisha na dau, mwingine na nyumba ya ghorofa ya mtaa wa Mkomani. Ni barafu na vumbi. Ukubwa huo ukiwa mbali na Jua hakuna darubini itakayouona. Unaonekana saa za mwisho tu, unapoungua.

Njia ya ukoo huu katika picha huhama mwezi kwa mwezi, kwa kuwa Dunia nayo inahama na chombo kinahama nayo. Mradi unaosimamia uwindaji huu, uitwao Sungrazer, una mchoro wa kila mwezi unaoonyesha zitaingilia wapi. Utazame mchoro kwanza. Kisha kodoa macho katika ukanda huo tu, na sehemu nyingine ya picha waachie wenye muda wa kupoteza.

5. Pangusa kioo kabla ya kutangaza

Hapa wengi huzama, na wenye elimu huzama kina kirefu zaidi.

Mwaka 1986 Louis Frank, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa na mtu aliyeheshimika katika kazi yake, alitangaza jambo zito. Katika picha za Dunia zilizopigwa na chombo Dynamics Explorer 1 alikuwa ameona madoa meusi. Akasema kila doa ni nyota mkia ndogo ya barafu, kubwa kama nyumba, inayovunjika juu ya anga letu. Akahesabu kama 20 kwa dakika, milioni 10 kwa mwaka, na akapendekeza kwamba bahari zetu zilijazwa kwa njia hiyo.

Wenzake walimuuliza maswali ambayo hata mvulana wa Matondoni angeuliza. Kama nyumba za barafu zinaanguka kila sekunde tatu, mbona hakuna anayeziona? Kama zinaijia Dunia, mbona vipimo vya mitetemo vilivyoachwa Mwezini havikuzisikia? Wakachunguza kamera yenyewe, wakakuta madoa yanaelezeka kwa kelele za chombo. Frank aliitetea hoja yake kwa miaka mingi, lakini wanasayansi wengi hawakuikubali.

Usimcheke. Alikuwa na ujasiri wa kusema, na waliompinga walilazimika kuvichunguza vyombo vyao upya. Lakini chukua somo: kabla hujasema mbingu zimebadilika, pangusa kioo. Kitone kilichoonekana mara moja ni kelele. Mara mbili ni bahati. Mara nne au tano, kwenye mstari mmoja na kwa mwendo mmoja, hapo una neno la kusema.

6. Toa ushahidi kama wa mwezi mwandamo

Hatua hii mtu wa Amu amezaliwa nayo. Tunapoingoja Ramadhani au Idi, anayekuja mbio akisema ameuona mwezi haachiwi hivi hivi. Ulisimama wapi? Saa ngapi? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zimeelekea wapi? Nani mwingine alikuwepo? Akijibu kwa kubabaika, na mwezi ni wa Idi, watu wanakula daku usiku huo kama kwamba hakusema.

Sungrazer nao wanakuuliza vivyo hivyo. Wanataka tarehe, saa ya kila picha, kamera ipi, na mahali pa kitone katika kila picha, yaani pikseli ngapi kutoka kushoto na ngapi kutoka juu au chini. Andika kwa makini. Karl Battams wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, anayeongoza mradi huo, hupitia taarifa na kuzithibitisha, na vipimo ndivyo vinavyotumika kukokotoa njia ya nyota mkia hiyo. Namba ulizoziandika ukiwa umejinyoosha mkekani zinaingia katika hesabu za wataalamu.

Ukifika hapa, tia ubahili. Usipeleke kila doa. Shahidi wa mwezi aliyekosea mara tatu, mara ya nne hasikilizwi hata akiushika mkononi.

7. Shindwa kwa adabu

Utashindwa, na mara nyingi. Panga mapema namna ya kushindwa, ili siku ikifika usijiaibishe.

Ukiwahiwa, na utawahiwa kwa dakika chache na mtu aliye Ulaya au Asia, mpongeze. Usiseme ulikiona kitone kabla yake ila stima ilikatika. Hata kama ilikatika kweli.

Ukigundua kuwa kitone chako kilikuwa nyota, sema mwenyewe kabla hujaambiwa. Anayejisahihisha huaminiwa zaidi kuliko asiyekosea, kwa sababu kila mtu anajua wa pili hayupo.

Ukichoka na mashindano ya picha mpya, ingia ghalani. Picha za SOHO zimehifadhiwa tangu 1996, na wawindaji wametoa humo nyota mkia ambazo wote walizipita bila kuziona. Ghalani hakuna haraka. Unaweza kuangalia picha za mwaka uliozaliwa mtoto wako, uone ni nini kilikuwa kikipita kando ya Jua siku ile.

Na chombo kikizeeka usihuzunike. Tarehe 25 Juni 2024 Marekani ilirusha GOES-19 ikiwa na kamera ya namna hiyo hiyo, CCOR-1. Uvuvi unaendelea na wavu mpya.

8. Kuhusu jina lako

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Wewe unataka jina lako liwe mbinguni. Nami nilitaka.

Nyota mkia iliyoonwa na mtu kwa darubini yake huweza kupewa jina lake. Ya SOHO haitaitwa kwa jina lako wala la mama yako. Itaitwa SOHO. Jina lako litaandikwa katika orodha ya waliogundua, mbele ya tarehe. Hilo likikuuma, lione kwa macho ya fundi wa Matondoni. Jahazi linapoteremshwa majini lina jina la mwenyewe, lakini Amu nzima inajua mikono iliyolijenga.

Tena jina la Kiswahili lilishafika huko kabla yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, kusini mwetu kidogo kwenye pwani hii hii, kilirushwa chombo cha kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala siku hiyo, nacho kikaitwa Uhuru. Hadi leo wanaastronomia wanaandika vitu vilivyogunduliwa nacho kwa alama yenye herufi U ya Uhuru. Basi usiwaze kwamba mambo ya anga ni ya wageni na sisi ni wa kutazama moshi wa roketi ukipita.

9. Kisha panda darini

Nimekwambia huhitaji kukesha. Sasa nakuomba ukeshe mara moja moja, kwa raha yako.

Mji wetu unakitazama kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Nyota mkia ya alfajiri utaiona ukiwa gatini, juu ya mikoko ya ng'ambo, kabla jua halijachomoza. Ya magharibi itajificha nyuma ya mji, nayo inataka dari ndefu au michanga ya Shela. Mwaka 2024 tulipewa somo zima kwa nyota mkia moja, Tsuchinshan–ATLAS. Mwishoni mwa Septemba ilikuwa upande wa mapambazuko. Tarehe 7 hadi 11 Oktoba hivi ilipotelea katika mwanga wa Jua, ikawa vigumu mno kuiona kutoka ardhini, lakini katika picha za SOHO ilipita na mkia wake kama tanga lililotunishwa. Katikati ya Oktoba ikatokeza tena, safari hii upande wa machweo.

Aliyekuwa na gati, simu na dari aliifuata safari nzima. Aliyekuwa na darubini ya bei kubwa bila ile simu aliikosa sehemu iliyokuwa tamu kuliko zote.

Amu tuna giza la usiku ambalo miji mikubwa imelipoteza. Tuna macho yaliyozoea kutafuta tanga dogo upeoni na mwezi wa siku moja. Tuna watu wanaojua kukaa saa tatu wakingoja jambo litokee bila kuona wamepoteza muda. Uwindaji huu hautaki zaidi ya hapo. Sioni kwa nini kijana wa Langoni au binti wa Pate asiwe katika orodha ile, na nitafurahi siku nikisoma jina lake kuliko kama lingekuwa langu.

Piga hesabu mwenyewe. Nyota mkia 5,000 katika miaka 28 ni karibu moja kila siku mbili. Ya kesho kutwa imeshaanza kulisogelea Jua, na bado haijapata mwenyewe. Fungua picha.